Mistari Kumi na Tisa

Mwezi wa kumi, Newala. Ukungu umeingia darasani
bila hodi, umekaa juu ya kompyuta tano zinazowaka
na mbili zilizokwisha kufa,
ambazo bado tunazifuta vumbi, kwa heshima ya marehemu.

Swali la ubaoni lilikuwa dogo:
Bibi amepeleka magunia ghalani.
Kila gunia na uzito wake, na daraja lake.
Toa makato. Mwambie bibi atapata shilingi ngapi.

Jawabu langu nilikuwa nimelipika usiku,
kwa mwanga wa simu, umeme ulipokatika.
Mistari mitatu tu. Kazi inayojiita yenyewe:
inashika gunia la kwanza, inajikabidhi yaliyobaki,
inashuka, inashuka, hadi ghala tupu,
kisha inapanda na jumla mkononi.
Nikacheka peke yangu. Mke wangu akageuka:
"Umeona nini?"
Nimeona uzuri, Fadina. Lala.

Asubuhi nikaiandika polepole,
kama mtu anayefunua keki ya harusi.
Wakanakili. Wakanakili vizuri mno,
na hapo ndipo ningeshtuka:
mtoto anayeelewa hukosea, hufuta, hugombana na jirani.
Hawa walikuwa kimya.

Isipokuwa Somoe Likwata, wa dawati la dirishani.
Yeye alikuwa na lake. Mistari kumi na tisa;
niliihesabu kwa kidole kama anayehesabu deni.
uzito_wa_gunia. bei_ya_daraja_la_kwanza.
ushuru. nauli_ya_lori. hela_ya_bibi.
Kila kigeu na jina refu, kama wafiwa
wanaotajwa na ukoo wao wote.
Mstari wa kumi na moja ulirudia maneno ya wa saba.
"Huu hauna kazi," nikamwambia.
"Najua, Mwalimu. Huo wa kunikumbusha."

Kalamu nyekundu ilikuwa tayari mkononi.

Mama yangu alibangua korosho kwa mkono.
Mafuta ya ganda yalimla vidole
hata alama za dole gumba zikafutika;
siku ya kujiandikisha kupiga kura
mashine ilimkataa mara nne.
Mjini nimeziona korosho zake, au za wenzake,
ndani ya pakiti: nyeupe, nzima, hazina kovu.
Anayekula hajui kwamba ganda lina moto.
Nami nimewaletea watoto pakiti,
nikawaambia, haya, bangueni.

"Somoe, soma kwa sauti."
Akasoma. Alipofika nauli ya lori
Mfaume akanyoosha mkono, yeye ambaye hanyooshi:
"Mwalimu, nauli tunatoa kwa kila gunia, au mara moja?"
"Mara moja," Somoe akajibu. "Lori ni moja."
Nikageukia mistari yangu mitatu.
Nikaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mwalimu.
Kila iliposhuka ilikata nauli, kila iliposhuka.
Bibi wa watu, mwenye magunia arobaini,
alikuwa amelipia lori lile lile mara arobaini.

Nikasema. Ndiyo, niliwaambia, mbele ya wote.
Walicheka vizuri, kwa mara ya kwanza wiki ile,
na harufu ya mabibo ikaingia dirishani
ikiwa imeanza kuchachuka.

Siwezi kusema kwamba kuanzia siku hiyo
nimependa mistari kumi na tisa.
Ule wa kumi na moja unaniwasha hadi leo.
Na kengele ilipolia, wote wakakimbilia uji,
Nangonga alibaki, mdogo kuliko wote, daftari wazi,
kidole chake juu ya mistari yangu yenye kosa:
"Mwalimu, ikifika ghala tupu,
nani anaiambia irudi?"

Uji ulikuwa unapoa.
Nikavuta kiti.